Gita la Eunike Halichoki

Watu wa Usa River walizoea kusema kwamba gita la Eunike huanza vizuri na kuishia vibaya. Walimwambia usoni, tena wakicheka, wala hawakujua kwamba maneno hayo yalikaribia kumtoa kazini.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imefika hadi Kikatiti kwao, na kanda za muziki wa kila aina zilijaa madukani Arusha mjini. Eunike, binti wa mkulima wa kahawa, aliyejifunzia gita kwenye kwaya ya vijana usharikani, alikuwa amejipatia kiboksi cha kukanyaga kwa mguu. Akikikanyaga, gita linaacha kulia kistaarabu, linakoroma na kukwaruza. Wazee wa kanisa walimwambia mlio huo akaupige baa. Akaenda kuupiga baa, kichwa juu.

Baa yenyewe ilikuwa ya Mama Aika, na bendi ilipiga hapo kila Jumapili mchana. Kiongozi alikuwa Philemoni, mpiga besi, mtu aliyejisifia masikio yake kama wengine wanavyosifia ng'ombe wao. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha, kila mara, Philemoni alikunja uso.

"Dada, sauti inafifia. Mkono umechoka huo."

Aliinama, akazungusha nobu ya sauti kwenye amplifaya, akaongeza ukali. Baada ya muda aliongeza tena. Jioni wafanyakazi wa mashamba ya maua walipotoka zamu, walifika mlangoni, wakaziba masikio, wakavuka barabara kwenda baa ya jirani.

Jumapili moja, wakati wa mapumziko, Mama Aika akatamka. "Nimeagiza kinanda kutoka Dubai. Chenyewe hakichoki. Wiki ijayo watu wa zamu wakinikimbia tena, Eunike mwanangu, gita basi."

Eunike alitoka nje anachemka kwa hasira. Mkono uliopalilia kahawa mlimani tangu utotoni, uchoke kwa nyuzi sita? Nyuzi alikuwa amebadilisha. Betri za kiboksi alikuwa ametia mpya. Hata taa ya baa alikuwa akiichunguza, isije ikawa umeme ndio unaopungua, lakini taa ilikuwa inawaka vilevile. Akanunua hindi la kuchoma, akalila polepole kando ya barabara mpaka moyo ukatulia.

Aliporudi, Philemoni alikuwa ameshika gita la Eunike, analijaribu. Mlio ulimchoma Eunike masikioni. Lakini si muda mrefu uliopita yeye mwenyewe alikuwa amekubali kwamba umefifia, na nobu hazikuguswa tangu hapo. Akawakumbuka watu wa zamu. Waliokaa ndani tangu mchana hawakulalamika kamwe. Walioziba masikio ni waliokuja kutoka nje. Gita halikuwa limebadilika hata kidogo. Masikio ndiyo yaliyochoka, na Philemoni alikuwa kama mpishi aliyeonja mchuzi mpaka ulimi ukafa ganzi, akaongeza chumvi.

Alimweleza. Philemoni akacheka mpaka akakohoa. "Masikio yangu hayachoki, dada."

Sawa. Jumapili iliyofuata Eunike alipanga sauti kabla ya wimbo wa kwanza, akazing'oa nobu zote za amplifaya, akazitia mfukoni mwa sketi yake. Kwenye amplifaya vikabaki vijiti vitupu ambavyo kidole hakiwezi kuvizungusha.

Jioni ilipokaribia, Philemoni akainama, akapapasa. "Nobu ziko wapi?"

"Mfukoni."

"Zirudishe. Sauti imekufa."

"Sizirudishi."

"Mimi ndiye kiongozi hapa, Eunike."

"Ongoza besi basi. Gita ni langu."

Akapiga. Hata masikioni mwake mwenyewe mlio ulizidi kuwa butu, na mkono ukamwasha kwa hamu ya kuongeza. Aliogopa, kweli aliogopa, maana kama amekosea ndio mwisho wake. Hakuongeza. Philemoni akaweka besi chini, akatoka kwenda kumshtaki kwa Mama Aika aliyekuwa getini. Walibishana huko kwa muda wa nyimbo kadhaa, na walipokuwa bado wanabishana, watu wa zamu walipita katikati yao, wakaingia ndani, wakaanza kucheza.

Philemoni aliporudi alisimama mlangoni. Gita lilikuwa linakoroma kama lilivyokoroma mchana.

"Umeongeza," alisema.

Eunike alitoa nobu mfukoni, akamwekea kiganjani mbele ya watu. "Zihesabu. Halafu chukua besi yako."

Kinanda kilikuja hata hivyo, maana Mama Aika alishakiagiza. Kiliwekwa kando ya gita, na Philemoni akakipiga mwenyewe, kwa madaha. Jumapili ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka jua lilipoanza kuteremka. Hapo akakunja uso, akainamia kinanda kisichochoka, akanyoosha kidole kwenye swichi ya sauti.

"Hiki nacho kimeanza kufifia," alisema.

"Toka nje kwanza, kaka," alisema Eunike, na hakuacha kupiga.