Juu ya Punda wa Maji

Jana, pale Buhongwa, mkokoteni wa punda ulinipita karibu, na harufu ya jasho na gunia bichi ikanirudisha Misungwi kwa bibi. Utotoni miguu yangu haikuwa na nguvu, kwa hiyo nilikuwa nikishinda mkekani nimeegemea ukuta. Asubuhi moja bibi alitandika gunia juu ya punda wake wa maji, akanipandisha.

"Ataanguka huyo," mjomba akasema.

"Basi ajishikilie," bibi akamjibu, akashika njia ya kisimani.

Punda alikuwa na joto, manyoya yake yakinichoma mapajani. Kila alipopiga hatua kiuno changu kiliyumba, mgongo ukakirudisha, na kabla hatujafika mbali nilikuwa nimekaa wima bila kuegemea chochote. Bibi aliona, akaanza kuimba.

Njiani tulikutana na mzee jirani. Siku zote nilimwamkia nikiziangalia katambuga zake miguuni; siku ile nilikiona kipara chake.

"Shikamoo, babu."

Akakinga jua kwa kiganja, akaniangalia juu. "Marahaba. Huko uliko, mvua inaonekana?"

Nikageukia upande wa ziwa, nikatazama bila haraka.

"Inakuja," nikamwambia.

Akageuza njia, akaenda kuanua michembe yake ya viazi.