Breki Nilizofunga, Lawama Alizobeba Rashidi

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilipewa ufagio. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne na kufungua injini za malori Machakos mpaka mikono ikabadilika rangi, nikaambiwa nifagie. Nyapara wa karakana, kule Industrial Area, alinitazama akasema, "Hapa fundi ni yule niliyemwona akifanya kazi. Wewe sijakuona." Nilifagia wiki nzima nimekunja uso. Hasira hiyo siijutii. Kuna nyingine, kubwa zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike haya kwa ajili yenu vijana mnaoniuliza kazi ya Uarabuni ilikuwaje.

Karakana ile ya kwanza ilihudumia mabasi ya kuwabeba wajenzi. Pale nilijifunza kufanya kazi haraka, maana basi lisipotoka alfajiri, wajenzi ndio waliokatwa ujira. Baadaye nikahamia kwa bwana mwingine, meneja tuliyemwita mudir kwa Kiarabu. Huyu alifufua magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini: milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane inayonguruma kifuani mwako. Kwa nje gari lilibaki la zamani mpaka kwenye vitasa. Ndani tulilitia nguvu mpya. Kabureta ilitolewa na injini yake, ikaja injini ya kisasa inayopimiwa petroli na kompyuta, na giaboksi ya gia sita. Kiyoyozi pia, kwa sababu bila hicho dereva angeiva kabla hajafika ufukweni.

Sisi mafundi hatukuendesha magari hayo hata mara moja. Leseni ya nchi ile ilihitaji kibali cha mwajiri, na mudir hakutoa. Alimwajiri dereva mmoja, Rashidi wa Tanga. Sisi tulifunga, yeye akaenda kujaribu barabarani, akarudi kutusimulia gari linavyokwenda. Nilitengeneza kwa masimulizi yake. Fikirini hilo: kujenga kitu kwa mikono yako na kuambiwa na mtu mwingine kama kinafanya kazi.

Gari ninalolisema lilikuwa la buluu ya wino. Magurudumu yake ya mbele yalikuwa na breki za dramu, ambazo viatu vyake hupanuka ndani ya ngoma ya chuma na kurudishwa na springi. Kwa injini ile mpya hazikutosha. Nikaweka diski, ambapo pedi mbili hubana sahani ya chuma. Lakini pampu ya breki, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, niliiacha ya zamani. Nilikuwa nimeifufua mwenyewe, nimeisugua mpaka inang'aa, na chini ya boneti ilipendeza. Sasa, pampu ya dramu ina kivalvu ndani kinachobakiza shinikizo kidogo kwenye mabomba. Dramu zina springi, hazidhuriki. Diski hazina. Shinikizo hilo dogo huziacha pedi zikisugua sahani muda wote. Nililijua jambo hilo. Nikajiambia ni kidogo tu.

Rashidi alirudi kutoka kujaribu, akashuka polepole.

"Kaka Mutiso, gari linajizuia. Nikiondoa mguu kwenye mafuta halitaki kuserereka, kama kuna mtu kashika bampa."

"Pedi ni mpya. Zitazoea."

"Na rimu ya mbele nimeigusa, imenichoma."

"Doha hii hata kitasa cha mlango kinachoma. Ulitaka ikupulizie upepo?"

Mafundi wakacheka. Rashidi naye akacheka. "Ninyi Wakenya mnafokea hata redio. Haya, mimi nimesema."

Alasiri hiyo hiyo mudir alimtuma ampelekee mteja gari lake. Njiani pedi zilisugua, diski zikapata moto, mafuta ya breki yakachemka. Yakichemka hujaa mvuke, na mguu hausukumi kitu. Alipofika kwenye mzunguko wa barabara pedali ilizama mpaka sakafuni. Mbele yake lilikuwa basi limejaa wajenzi. Akakata usukani, akapiga nguzo ya taa. Alivunjika kifundo cha mkono. Watu wa basi walifika kambini salama, bila kujua ni nani aliyewakwepa.

Gari lilipovutwa mpaka karakana nilifungua gurudumu. Diski ilikuwa imegeuka samawati kwa moto. Nikaenda kwa mudir papo hapo. "Kosa ni langu."

"Nyamaza," akasema. "Dereva nitapata kesho asubuhi. Fundi wa magari haya nitampata wapi?"

Nilimfuata hadi kituo cha polisi. Nikaeleza yote kwa Kiingereza, pampu, kivalvu, diski. Ofisa hakukielewa vizuri, mudir akatafsiri. Kiarabu changu kilikuwa cha karakana tu, lakini neno la mwendo kasi nililijua, nikang'amua anamsingizia Rashidi. Nikajipiga kifua, nikapaza Kiarabu kilichochanganyika na Kiswahili. "La! Ana! Ni mimi!" Ofisa akauliza nina nini. Mudir akatabasamu, akanigusa bega, akamwambia, kama nilivyoelezwa baadaye, sisi ni watu wa pwani moja, Waafrika wanapendana sana, namkinga ndugu yangu. Ofisa akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! Nilikuwa nimeleta kosa langu mkononi, na hakuna aliyelitaka. Lilikwisha kupata mwenyewe.

Leseni ya Rashidi ilifutwa, na kibali chake cha kuishi kikafuatia. Nilimkuta chumbani kwake Al Mansoura akikunja nguo kwa mkono mmoja.

"Nilisema ni mimi," nikamwambia.

"Nimeambiwa. Nimeambiwa pia kuwa unanipenda sana." Hakucheka. "Nikifika Tanga niwaambie nini wanangu? Kwamba baba yao alikuwa anashindana mbio kwa gari la watu?"

Nikalijenga upya gari lile. Pampu sahihi ilikuwa kazi ya siku moja tu. Mteja alipiga makofi, na mudir akanifanya mkuu wa mafundi. Nilikasirika, na nikabaki. Kila asubuhi nilikasirika, na kila asubuhi nikavaa ovaroli yake.

Msiniambie ilikuwa bahati mbaya. Dereva akikwambia gari linajizuia, fungua gurudumu, hata kama jana ulilifunga mwenyewe na leo watu wanakucheka.

Nilipostaafu nilikwenda Tanga. Kifundo cha Rashidi kilipona kikiwa kimepinda. Mkewe alipika wali na samaki, watoto wake, sasa watu wazima, wakaketi nasi mkekani. Nikawaeleza wote kwamba baba yao hakukimbiza gari, aliniambia lina kasoro nikamfanyia mzaha. Mwanawe mkubwa, dereva wa lori, alisikiliza mpaka mwisho.

"Na baada ya hapo, mzee, uliendelea kumfanyia kazi huyo mudir?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nilipostaafu."

Akainuka aondoke. Rashidi akamshika shati kwa mkono wake mzima.

"Kaa. Mgeni hajamaliza kula."

Kijana akakaa, akanitazama. Nikamaliza chakula chote mbele ya macho yake.