Nani Avuke Ua Kwanza

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi moja hapa Tukuyu, nyuma ya mama kutoka kijiji cha Kyimo aliyefuata kibali cha kusafirisha ndizi. Lori lake lilikuwa nje, limeshapakiwa.

"Malipo yako hayaonekani, mama," karani akamwambia. "Hatuwasiliani na jengo la pili, wanakopokea malipo."

Jengo la pili liko ng'ambo ya ua, madirisha yanatazamana. Fundi wa mtandao akakagua ruta, kifaa cha kuunganisha mtandao, ya huku, akavuka na mvua kukagua ya kule, akarudi ameloa.

"Ruta zote nzima," akamwambia mkuu wa ofisi ya huku. "Zinasalimiana vizuri, ila zinakataana kwa sababu nywila zimetofautiana. Nani kabadilisha?"

"Mimi. Kwa usalama."

"Na wenzako uliwaambia?"

"Waje waulize."

Mkuu wa kule akapaza sauti dirishani: "Aliyebadilisha ndiye aje!"

Ndiyo adabu ya ofisi zetu: anayevuka ua kwanza ndiye mdogo.

"Jamani, ndizi zinaiva!" mama akalia.

Fundi akaziwekea ruta zote mbili nywila moja aliyoitunga mwenyewe. Mkuu wa huku akamnong'oneza, "Umeweka yangu?" Akajibiwa, "Ndiyo, mkuu." Kule nako akaulizwa hivyohivyo, akajibu hivyohivyo.

Kibali kikatoka. Mama akakimbilia lori.

Mlangoni nikamuuliza fundi, "Zikigoma tena?"

"Ruta hazigombani, mzee," akasema, akikamua shati.

Pande zote mbili za ua wakuu wawili walikuwa wamesimama madirishani, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kufunga.