Mkoba wa Mama Mkwe

Mkurugenzi alitaka atubu. Alitaka, katika kipindi cha mwisho cha msimu, yule mama mbaya niliyekuwa nikimwigiza kwenye runinga apige magoti sebuleni, alie, na amwombe mke wa mwanawe msamaha huku wimbo wa kanisani ukicheza kwa mbali. Nilisoma huo mswada nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba tuliyokuwa tukirekodia, kule Lavington. Nikaufunga, nikamwambia, "Huyu hatubu." Akadhani ninamtania. Nikarudia: huyu hatubu, na kama mnataka wa kutubu, tafuteni mwigizaji mwingine. Mpaka leo kuna watu wanaosema nina kichwa kigumu kazini. Waseme. Hawakujua nilikuwa ninamwigiza nani.

Nilikuwa ninamwigiza mama mkwe wangu.

Mume wangu alikuwa fundi wa taa. Tulikutana katika ukumbi mmoja wa maonyesho katikati ya jiji, miaka ile nilipokuwa nikiigiza vitabu vya fasihi vya mitihani mbele ya wanafunzi wa sekondari. Wale watoto walikuja na vitabu magotini, na ukiruka sentensi moja ukumbi mzima unakusahihisha kwa makelele. Yeye alikuwa kule juu na taa zake, akinicheka. Tukaanza kuishi pamoja nyuma ya Adams Arcade, tukapata binti. Wazee wa posa hatukuwa tumetuma, si kwao si kwetu. Tulisema sherehe zitakuja, kama walivyosema vijana wengi wa Nairobi wakati huo. Badala ya sherehe ukaja ugonjwa, ukamchukua mume wangu bila kukawia.

Tulimzika kwao, mbele kidogo ya Dagoretti Corner, kwenye shamba la familia. Nililia kwa sauti. Akina mama wawili wa kanisa wakaja kunishika mikono. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mbele yangu na mkoba wake mweusi mapajani, akageuka akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wale wenye majembe, "Mwacheni. Si hiyo ndiyo kazi yake?"

Na watu wakacheka! Si wote, lakini walicheka, jeneza likiwa bado juu. Machozi yalinikauka pale pale. Niliapa moyoni kwamba yule mwanamke hataniona nikilia tena, hata aniue.

Baada ya mazishi alimshika binti yangu mkono, akaniambia mtoto abaki kwake kidogo nipate kutulia. Nilikuwa sijalala siku kadhaa, nikakubali. Nilipomrudia, lango lilikuwa limefungwa. Akanijia akiwa ndani, akanisemesha kupitia kwenye vyuma, taratibu, kama mtu anayesali.

"Nasema kwa upendo," akaanza. Hivyo ndivyo alivyoanza kila tusi lake. "Nasema kwa upendo, mtoto wa mwanangu hawezi kulelewa na mwanamke anayelipwa kulia."

Nilizunguka kwa wazee wa pale, mmoja mmoja. Wote waliniuliza swali lile lile: ndoa ilikuwa wapi, na ni nani alishuhudia? Nilichopewa ni Jumapili baada ya kanisa. Ningekuja, nikae kwenye kiti cha plastiki barazani, binti yangu akae cha pili, na mama mkwe wangu cha tatu. Kabla ya kukaa alipangusa kiti kwa leso, kiti chake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe. Akiletewa chai alinusa kikombe kwanza. Na alipoamua kwamba nimemwona mtoto vya kutosha, alifunga kifungo cha chuma cha ule mkoba. Ta! Hiyo ilimaanisha nenda. Hakuwahi kunifukuza kwa mdomo. Mkoba ndio ulikuwa ukinifukuza.

Nilikuwa nikisimama, nikijitengeneza kitambaa cha kichwa, nikitabasamu na kumwambia binti yangu, "Kaa vizuri, sawa?" Kisha ninageuka na kwenda haraka, bila kuangalia nyuma. Nilikuwa nikilia nikifika Dagoretti Corner, nyuma ya vibanda vya viazi, ambapo hakuna aliyenijua. Lakini pale langoni, wee! Hakupata hata tone.

Halafu nikapata ile kazi ya runinga. Mswada ulisema mama mkwe ni mkali, ana sauti kubwa, anarusha sufuria. Nilimuuliza mkurugenzi, je, akiongea polepole? Je, akiwa ni mtu wa kanisa, msafi, wa kupangusa viti? Akasema nijaribu. Nilienda sokoni Toi nikachambua mitumba asubuhi nzima mpaka nikapata mkoba mweusi wenye kifungo cha chuma, nikaufungua na kuufunga masikioni mwangu kama mtu anayechagua saa. Ulilia vile vile. Muuzaji aliniangalia akadhani nina wazimu.

Nilimwiba mzima mzima. Leso, kikombe, shingo inayogeuka kabla ya mabega, ule upole wa kuua mtu. Na "nasema kwa upendo." Kamera zilipozimwa siku ya kwanza, mmoja wa mafundi akasema, "Aki huyu mama achapwe." Sijawahi kupigiwa makofi yaliyonishibisha kama maneno hayo.

Kipindi kilishika mji. Muuza nyama wa Adams, niliyekuwa nikinunua kwake tangu nikiwa mwali, aliweka kisu chini akaniambia hana nyama ya watu wabaya, na nyama imening'inia hapo nyuma yake! Ilibidi wateja wamsihi. Mjini wachuuzi walinifuata na shati mkononi: "Nasema kwa upendo, mathe, hii imekupenda!" Vijana walikuwa wakifunga mabegi yao kwa kishindo nikipita, ta! na kuangua kicheko. Nilikuwa ninatukanwa na mji mzima, na nilikuwa ninafurahi. Kila tusi nililiona likinipita likielekea Dagoretti.

Siku moja nikiwa saluni, mama mmoja wa kanisa lile, mmoja wa wale walionishika mikono kaburini, aliniinamia sikioni. Aliniambia kwamba kwenye mkutano wa akina mama, mama mkwe wangu, mwenyekiti wao, alisimama akasema, "Nasema kwa upendo," na benchi zima likapasuka kwa kicheko. "Na unajua alifanya nini? Aligeuka nyuma kuangalia kinachochekesha."

"Hakujua?"

"Hajui! Na hicho kipindi hakimpiti. Anasema huyo mama ni shetani, na kwamba yeye huombea familia zilizo na watu kama hao."

Nilicheka mpaka msusi akaniacha nusu kichwa. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimekasirika hata nikashindwa kula. Mji mzima ulikuwa umemjua isipokuwa yeye. Kicheko cha watu kilikuwa kizuri, ndiyo, lakini mtoto wangu bado alikuwa nyuma ya lango lake.

Simu ilikuja alasiri moja tukiwa bado tunarekodi. Sauti yake ilikuwa imepoteza upole wote. "Njoo umchukue mtoto wako. Leo. Huyu si damu yetu, huyu ni wako."

Nilikuwa nimevaa nguo za kazi: sketi ndefu, sweta ya kijivu, kitambaa, mkoba. Ningeweza kubadilisha. Chumba cha kuvalia kilikuwa pale pale, na msichana wa mavazi alikuwa akinifuata akiniita nirudishe sweta. Sikubadilisha.

Mama mkwe wangu alifungua lango akajiona yeye mwenyewe amesimama nje. Sijui namna nyingine ya kueleza uso wake. Aliangalia kitambaa, akashuka mpaka sweta, akafika kwenye mkoba, na hapo midomo ikaanza kumcheza. Binti yangu alikuwa pembeni yake na begi lake la shule, shavu moja limevimba.

"Nilikukosea nini mimi?" akaniuliza. Haki ya nani, aliniuliza hivyo.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu kwa miaka. Nimeisema bafuni, nimeisema barabarani nikitembea. Yote nikaiacha.

"Nasema kwa upendo, Mama," nikamwambia, taratibu kama yeye. "Mimi nilikuiga tu." Nikafunga mkoba. Ta!

Nikamshika mtoto wangu mkono tukaenda zetu. Safari hii nilitembea polepole, kwa raha zangu, asikie viatu.

Jioni hiyo, baada ya chai na mkate, nilimuuliza binti yangu ni nini kilitokea. Hakunisimulia. Alisimama katikati ya chumba, akahamisha stuli mbili, akanionyesha. Akawa wageni wa shosho, bibi yake, wamekaa kutazama kipindi. Akawa mimi kwenye runinga, na mkoba wangu, kwa sababu alikuwa ameuchukua mezani bila kuniomba. Akawa yeye mwenyewe, anaruka kwenye kiti, anaonyesha kidole: "Shosho, ni wewe! Angalia, anafunga kama wewe!" Akawa wageni wote wanaotazama zulia. Akawa shosho anayeinuka, na mkono unaokuja kwenye shavu. Kila mtu alimpatia sauti yake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Shavu lile nililiweka moyoni, na ndilo lililonifanya, mwaka uliofuata, nimwambie mkurugenzi kwamba huyu hatubu.

"Kuna mwingine," akasema. "Huyu ni wewe."

Alienda mpaka mlangoni. Akajitengeneza kitambaa ambacho hakikuwepo. Akavuta tabasamu, meno yote nje. "Kaa vizuri, sawa?" akasema kwa sauti yangu, ile sauti ya furaha niliyokuwa nikijivunia Jumapili zote zile. Akageuka, akaenda haraka, mgongo umenyooka, mpaka akafika ukutani.

Aliporudi hakuwa akiigiza tena. "Mbona ulikuwa unafurahi ukienda?"

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu vibanda vya viazi, na badala ya maneno yakatoka machozi. Yalitoka yote, ya mazishi na ya barazani, nikiwa nimekaa pale kwenye stuli na sweta ya watu. Yeye alisimama akiniangalia kwa makini, hakunikaribia.

"Hiyo ni ya ukweli ama ni ya kazi?"

Alisema hivyo bila ubaya. Ni swali alilofundishwa kule kwa shosho. Nilijifuta uso nikamwambia, "Ni ya ukweli."

"Rudia nione."

Nilijaribu, Mungu wangu. Mimi niliyelia mbele ya kumbi zilizojaa, mara mbili kwa siku, mchana na alasiri, kwa watoto wenye vitabu magotini. Nilikunja uso, nikamkumbuka baba yake, nikabana pumzi. Hakukutoka kitu. Nikabaki nimekodoa macho kama mgeni jukwaani.

Binti yangu alisubiri, akanikagua jicho moja, kisha la pili.

"Haitoki," nikamwambia.

"Basi ilikuwa ya ukweli," akasema, akaja akanikalia mapajani.