Wimbo wa Lango la Molo

Aliyenitoa nyumbani Jumamosi ile ni rafiki yangu Kiprono, muuza spea za magari hapa Nakuru. Alitaka kumwoa Wambui wa Molo, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajakubali: nyanya yake Wambui, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Shosho, kama wanavyomwita nyanya huyo, hakuwa na neno baya juu ya Kiprono. Aliuliza tu, "Huyo Mkalenjin nitaongea naye nini?" Lugha yake ni Kikuyu, Kiswahili anakijua cha kuombea maji, na wazazi wa Wambui walisema wazi kwamba asiporidhika, hakuna harusi.

Kwao, wageni wa posa hawaingii hivi hivi. Lango hufungwa, wageni wakasimama nje kuimba, na akina mama walio ndani huwajibu kwa nyimbo na maswali mpaka waridhike. Wazee wa Kiprono waliposikia kwamba wimbo lazima uwe wa Kikuyu, walitugeukia sisi vijana. "Nyinyi ndio watu wa muziki," akasema Senge Rael, shangazi yake Kiprono. Basi nikawa mtu wa muziki, mimi Nekesa msusi wa nywele, ambaye kwaya ya kanisa ilinihamishia kwa upole kwenye kamati ya chai.

Tulitoka Nakuru asubuhi, wazee wakiwa kwenye gari lao la kukodi nyuma, sisi watatu tukiwa mbele ya pikapu. Kiprono aliendesha. Katikati alikaa Otieno, anayepigia watu muziki kwenye sherehe, amepakata spika yake mpya kama mtoto wa kwanza.

"Skiza hii," akasema kabla hatujauacha mji. "Imetoka juzi. Skiza hiyo besi."

"Otieno, hii ngoma haina maneno," nikamwambia.

"Si ndio uzuri yake. Ngoma haina maneno haiwezi kukuaibisha."

Mimi napenda arbantone, nyimbo za vijana za kurukaruka, na nilitetea chaguo langu hadi koo likakauka. Kiprono hakutetea chochote. Yeye ni mtu wa rumba, lakini siku hiyo hata rumba ilikuwa imemtoka.

Kufika Njoro, tukazima kelele na kuanza kazi. Wambui alikuwa ametutumia wimbo mfupi aliotunga mwenyewe, ameurekodi kwa simu. Ulikuwa mtamu, ila katikati kulikuwa na neno moja, tuhingurirei, maana yake "tufungulieni". Sijui nani alilipanga neno hilo bila kufikiria wageni.

"Tuhinkulilei," akasema Kiprono.

"Hapana," nikasema. "Tuhingulilirei."

"Wewe umeongeza kipande," akasema Otieno. "Wacha mimi." Akajaribu, akaishia njiani, akacheka mwenyewe. Otieno huyu ana vita vyake vya zamani na sauti ya "sh". Tangu tuanze safari alikuwa akimwita nyanya wa Wambui Soso.

"Ukifika huko usimwite Soso," Kiprono akamwonya.

"Nitamwita mathe."

"Mathe ni ya mama wa kiosk, buda. Huyu ni shosho."

"Sasa mimi nifanye nini? Nitamsalimia kwa mkono ninyamaze."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilipotazama upande wa usukani nikaona Kiprono hacheki, midomo yake inachezacheza peke yake, anatafuna lile neno kimyakimya. Nikamwonea huruma.

Pale Elburgon tulisimama kunywa chai, na hapo ndipo tulipopata wazo ambalo lilionekana zuri sana kwa sababu tulikuwa na baridi. Otieno alipata kwenye simu ngoma mpya ya mugithi, muziki wa Kikuyu, gitaa safi, na kundi la akina mama wanaoomba wafunguliwe lango, kila neno mahali pake. Tungeiweka kwenye spika kwa sauti kubwa, sisi tukifungua midomo na kutikisa mabega. Nani angejua? Niliunga mkono hoja hiyo nikiwa na mandazi mdomoni. Kiprono akasita, kisha akakubali.

Molo ilitupokea kwa ukungu na manyunyu. Tulisimama nje ya lango la mabati, wazee nyuma yetu, Senge Rael amejifunga leso juu ya sweta. Otieno akabonyeza. Gitaa likalia vizuri, akina mama wa kwenye simu wakaimba, nasi tukatikisika. Nilijiona nimefaulu.

 Kisha sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani, bila haraka, "Hiyo redio ndiyo inaoa?"

Nyuma ya mabati wakaangua kicheko. "Redio tuko nayo," mwingine akaongeza. "Tumenunua hata betri. Rudini nayo."

Otieno akaizima. Senge Rael alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, na manyunyu yakawa mvua. Tukaanza wimbo wa Wambui kwa vinywa vyetu, tukaufikisha kwenye lile neno, tukakwama hapo sote.

Muoaji siku kama hiyo hukaa nyuma, hasemi kitu, wazee ndio wanaosema. Kiprono alitoka nyuma ya wazee akasogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa lango, akaimba peke yake. Aliimba vibaya. Lile neno alilibomoa kabisa. Ndani wakacheka, naye akarudia, akalibomoa upande mwingine.

Ndipo sauti nyembamba ya kizee ikalitamka kutoka ndani, taratibu, kipande kwa kipande.  Kiprono akalifuata. Ile sauti ikamkatiza, ikaanza upya. Waliendelea hivyo wawili, mabati katikati, mvua ikimchuruzika Kiprono shingoni, mpaka Otieno akaanza kupiga mdundo kwenye jerikeni ya maziwa tuliyowaletea, na akina mama wa ndani wakashika kiitikio.

Komeo likavutwa. Alikuwa shosho mwenyewe, mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria. "Ingieni," akasema. "Ataendelea akiwa ndani."

Tulikula mukimo na nyama, wazee wakazungumza yao, na ulipofika wakati wa kumuuliza shosho neno lake, alisema tu, "Nitaona." Kiprono aliaga akiwa mnyonge.

Jioni tulirudi bila muziki. Nilijifunza kwamba aibu tuliyoikimbia tangu asubuhi ndiyo waliyokuwa wakiingojea pale langoni, kwa hamu, wacheke nasi. Nilitamani kumwambia Kiprono hivyo, ila uso wake haukuruhusu mazungumzo.

Karibu na Njoro simu yake ikalia. Akaegesha kando, akafungua sauti tusikie sote. "Kuna mtu anakutaka," Wambui akasema, kisha ikaja ile sauti nyembamba, kwa Kiswahili cha kusukumwa:

"Wewe. Umeenda bila kuaga vizuri. Sema hivi."

Neno la Kikuyu likafuata, kipande kwa kipande. Kiprono akashuka na simu, akasimama kando ya barabara. Mimi na Otieno tukanunua mahindi ya kuchoma. Tukayamaliza, tukanunua mengine, na yeye bado alikuwa anasema, "Eeh, shosho. Eeh. Rudia tena."