Maksai Wangu Alipelekwa Mpakani Nikimwangalia Kutoka Chini ya Sufuria

Saa tano asubuhi, siku ya soko, nilikuwa nimechuchumaa kwenye matete upande wa Amukura, karibu na mpaka wa Uganda, nimejifunika sufuria ya matanga, ile kubwa ya kupikia watu mia, nyeusi kwa masizi. Niliinua ukingo kiasi cha kidole kimoja nione njia. Ng'ombe saba wakapita wakiswagwa na wanaume watatu wenye panga, na ng'ombe wa tano alikuwa Meja, maksai wangu wa kulima, aliyeibwa Jumatatu kwangu Matayos. Meja akasimama. Akaja mpaka kwenye sufuria, akainusa, akaanza kuilamba. Alikuwa ananisalimia. Mwizi mmoja akamchapa fimbo: "Twende, wewe! Unaonja supu?" Wakacheka, wakaenda naye. Mimi nikabaki humo ndani nimejiuma kidole. Sikuinuka. Wacha niwaeleze ni kwa nini, na ni kwa sababu ya nani. Majina nitataja.

Jumanne, Matayos. Mwenye maksai wawili akiibiwa mmoja, ameibiwa wote. Huyo mmoja ukimfunga jembe peke yake anazunguka kama anamtafuta mwenzake, na shamba linabaki na duara. Mvua ilikuwa karibu. Tukapata habari kwamba ng'ombe wa wizi hufichwa upande wa Amukura, halafu siku ya soko wanachanganywa na ng'ombe wa kuuzwa na kuvushwa Uganda mchana kweupe, kwa njia za panya. Kikundi chetu cha wenye maksai kikakubaliana: tutawanyike tulinde hizo njia, watu wawili hapa, watatu pale.

Sajini Ekisa, mstaafu wa jeshi, akasimama. "Watu wachache wakiachwa peke yao porini ni kama konokono," alisema. "Nyumba wanabeba wenyewe. Kila kikosi kiwe na maji yake, unga wake, dawa yake, redio yake, na mtu wake wa kuamua. Mkubwa hatakuwa hapo aulizwe." Halafu akauliza huyo Meja ni wa kikosi gani. Nikamwambia ni ng'ombe. Akasema miaka yote aliyotumikia hajawahi kutumwa kutafuta meja mwenye pembe.

"Asante, Sajini. Kaa sasa," akasema Mwenyekiti Wandera.

Huyu Wandera ndiye mwenyekiti wa matanga yote kwetu, na kwa matanga simnyimi sifa. Ukoo huu ulete kuni, ule maji, wale sufuria, hawa unga. Wote wanakutana kwenye boma moja na watu wanakula. Basi hivyo hivyo ndivyo alivyotugawa. Kikosi cha Mama Auma, unga wote. Mimi na jirani yangu Papai, sufuria. Kikosi cha tatu, kuni na sanduku la dawa. Redio zote za mkononi akabaki nazo yeye, "zisipotee." Na akaongeza: "Mtu asiguse mwizi, asipige hata kelele, mpaka mimi niseme shika." Sajini akapewa kazi ya kulinda pikapu. Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, siwezi kukataa. Mgawanyo ulikuwa wa haki, kila mtu alikuwa na kitu.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Busia. Pikapu ilikwama kwenye foleni ya malori. Taniboi mmoja, utingo wa lori, ameketi juu ya trela, akaiona sufuria yetu.

"Pole, mzee. Mnazika nani?"

"Hakuna mtu amekufa," nikamjibu.

"Basi hiyo sufuria mnaipeleka hanimuni?"

"Sisi ni jeshi, boss," akasema Papai.

Yule kijana akawaita wenzake watoke chini ya magari waje waone jeshi. Tulishangiliwa mpaka foleni ikasonga. Hapo hapo simu zetu zikaanza kutukaribisha Uganda. Sisi tuko Kenya, simu zimeshavuka, na salio letu huko halipigi simu yoyote. Wandera akasema tusijali, tutamwita kwa redio. Hakuna aliyeuliza redio gani.

Saa sita, njia ya Amukura. Tukashushwa mimi, Papai na sufuria. Mama Auma na akina mama wawili wakashushwa mbele yetu, pale njia inapovuka mto wa mpaka, na unga wao. Wenye dawa wakapelekwa mbali zaidi, huko hatuwaoni. Wandera akaendelea mpaka Malaba kutuongoza.

Saa tisa Papai akatumbukia kwenye shimo la mchanga, mguu ukavimba kama kiazi. Nikamkokota mpaka kwenye boma la bibi mmoja Mteso, Mama Among'in. Papai akamsalimu kwa lugha yao, akamwambia sisi ni jeshi, halafu tukaanza kuomba: maji, kitambaa cha kufunga mguu, chakula chochote, na chumvi.

"Kwani nyinyi mko na nini?" akauliza.

"Sufuria, mama."

Akatuangalia. Akaiangalia sufuria. "Hii ni jeshi gani inakuja vitani na sufuria, halafu inaomba chumvi?" Alicheka mpaka akajifuta macho na leso. Lakini alitupa viazi vitamu, akampasulia Papai kanga kuukuu, akatulaza jikoni. Huyo mama peke yake alikuwa na kila kitu ambacho Sajini alisema kikosi kinahitaji.

Alhamisi, saa tano. Papai hakuweza kukanyaga chini, kwa hiyo nilikwenda njiani peke yangu, na sufuria ya kujifichia. Ya Meja nimeshawaambia. Walipopita nikahesabu nilicho nacho. Redio, Malaba. Simu, Uganda. Papai, jikoni. Ruhusa, Malaba pia. Nikaokota jiwe, nikaipiga ile sufuria kwa nguvu zangu zote, ili Mama Auma aliyekuwa mbele ya wezi asikie, awaite watu wa soko waje kuziba njia.

Mama Auma alisikia. Alisikia sana. Alikuwa amekalia gunia la unga tangu jana bila chombo cha kupikia. Wote watatu wakaacha kivuko, wakakata mashambani mbio, gunia kichwani.

"Mzee, maji imechemka?"

"Auma! Ng'ombe!"

"Kwani kuna nyama pia?"

Tulipofika mtoni tulikuta kwato kwenye matope zikiingia majini. Ng'ambo, Meja alikuwa anapanda ukingo. Nikamwita. Akageuza kichwa. Wakamchapa.

Saa nane, Malaba. Nilimkuta Mwenyekiti Wandera kwenye baraza ya hoteli, anachambua samaki, redio tatu zimepangwa kando ya sahani.

"Mbona hamkuniita?"

"Kwa kutumia nini, mwenyekiti? Kwa mdomo?"

"Kwa redio."

"Redio gani?"

Akaziangalia zile redio. Akatoa mwiba mdomoni. "Hilo nalo ni swali," akasema. Sajini alikuwa ameegemea pikapu. Alinifungulia mlango.

Jioni tulirudi kupitia Amukura kuwachukua wengine. Pale barabarani kuni zikakutana na sufuria, sufuria ikakutana na unga, ugali ukaiva vizuri sana. Wandera akaomba, akamshukuru Mungu kwa ushirikiano.

Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini hili nimelijua: ukiwatawanya watu, kila kundi lipewe kidogo cha kila kitu, na ruhusa iwe ya kwanza kupakiwa. Pengine ningeinuka ningekatwa panga. Pengine ningepiga kelele mapema na watu wa soko wangekuja. Hilo lilikuwa langu mimi niliyekuwa pale kuamua, si la mtu anayekula samaki Malaba.

Basi Wandera, Jumapili baada ya ibada simama mbele ya watu, ujibu. Nani alikwambia neno "shika" ni lako peke yako? Mvua imeshanyesha mara mbili, na wewe una maksai wanne zizini. Ukiendelea kutafuta jibu, niletee mmoja nilime.