Masikio yangu yameniaibisha Daraja Mbili

Leo nimefungwa macho kwa leso mbele ya soko zima la Daraja Mbili.

Mnajua Kisii yote fundi wa sauti ni mimi. (Ombati, fundi mwenzangu, nyamaza.)

Mama Moraa, mwalimu wa kwaya kule Mosocho, amekuja kibandani kwangu. Anatafuta mtu wa kupiga muziki kwenye harusi ya bintiye Jumamosi. Akatoa CD ya kwaya yake.

Nikacheka. "Mama, CD ni za kitambo. Studio ilinipa nyimbo zenu kwa faili kubwa, za ubora wa juu. Hata pumzi za waimbaji unasikia!"

"Wewe unazisikia?"

"Hata nikiwa usingizini!"

Basi akanifunga leso. Akapiga wimbo mmoja mara kumi, mara CD, mara faili, anavyotaka yeye. Mimi nataja ni ipi, watu wamejaa.

Nimepata nne.

Nne! Hata wa kubahatisha tu hupata tano.

Mama akanifungua polepole. "Spika zako nzuri, kijana. Kazi nimekupa. Lakini utapiga CD yangu, na maikrofoni hutashika."

Nimekubali.

Sasa nyinyi mnaocheka, kibanda kiko wazi. Njooni na leso.